Breka kubwa inakata usiku, ndogo zote ziko juu. Fundi anataka kuing'oa, nimkubalie?

#1 Zege Bichi
Wakuu, salamu.

Nyumba iko Tabata. Mein swichi ina RCCB moja (ndiyo hiyo breka kubwa) ya ampia 63, miliampia 30, halafu breka ndogo nane: taa za ndani 10, taa za nje 10, soketi za vyumbani 20, soketi za jikoni 20, jiko 32, shawa ya moto 32, kiyoyozi 16, pampu 16.

Wiki hii kubwa imekata mara tatu. Jumatatu saa 9 usiku, watu wamelala. Jumatano saa 11 alfajiri. Alhamisi saa 1 jioni, birika la umeme lilipowashwa tu. Mara zote tatu ndogo zimebaki juu. Ile ya Jumatatu nilipoipandisha iligoma mara mbili, ya tatu ikashika. Jumatano mchana fundi alibadilisha RCCB akaweka mpya, kesho yake ikakata vilevile. Sasa anasema vitu hivi vina wivu, aing'oe aweke swichi ya kawaida. Nimkubalie?

#2 Koili 42
Usimkubalie. Kubwa ikishuka na ndogo zikabaki juu, umeme unavuja. Haujazidi. RCCB haina habari na mzigo. Inalinganisha ampia zinazotoka kwa laivu na zinazorudi kwa nyutro, zikipishana inashuka. Imeandikwa 30 lakini kwa viwango inaruhusiwa kushuka popote kati ya 15 na 30. Hiyo tofauti imepita kwingine: kwenye ethi (waya wa kwenda ardhini), kwenye ukuta wenye unyevu, au kwenye mwili wa mtu. Ndiyo maana iliwekwa.

Ikikata tena, shusha ndogo zote nane, pandisha kubwa, kisha pandisha ndogo moja moja huku ukihesabu hadi kumi kila moja. Itakayoiangusha kubwa ndiyo yenye kesi.

#3 Mkaa Mbichi
Huyo fundi mwambie aanze kung'oa breki za bodaboda aliyokuja nayo. Nazo zina wivu, zinamchelewesha.

#4 Ngarangara
Koili 42, njia yako nzuri ila ina tundu. Breka ndogo za kwenye bodi hizi zinakata laivu peke yake. Nyutro zote zinabaki zimefungwa kwenye baa moja (kipande cha chuma cha kuunganishia nyaya), breka iwe juu au chini. Nyutro ikiwa imegusana na ethi mahali popote ndani ya nyumba, mleta mada atashusha zote nane na kubwa bado itaanguka.

Kwa nini isianguke muda wote? Kwa sababu nyutro haiko sifuri. Birika la wati 2,000 linavuta kama ampia 8.7, na waya unaotoka nguzoni una ukinzani wake, kwa hiyo likiwaka nyutro inapanda volti moja au mbili juu ya ardhi. Chukua volti 2 na ethi rodi (fimbo iliyochimbiwa ardhini) yenye omu 50. Hizo ni miliampia 40 zinazopitia kwenye mgusano na kwenda ardhini bila kurudi kwenye RCCB. Inashuka. Zima birika, nyutro inarudi nusu volti, miliampia 10, inashika. Birika limebeba lawama, na huenda kosa liko kwenye taa ya chooni ambapo skrubu ya kava imetoboa waya.

Kupima: zima kubwa, chomoa plagi zote za nyumba, maltimita kwenye omu, ncha moja baa ya nyutro, nyingine baa ya ethi. Kisha legeza nyutro moja moja kwenye baa na usome kila unapoitoa. Angalizo: upande wa RCCB unaoingia waya kutoka kwenye mita ya LUKU una umeme hata ukiwa umeizima. Usiyezoea, mwachie mwenye leseni ya EWURA.

#5 Doto wa Dari
Ngarangara umeandika vizuri lakini saa 9 usiku nani alikuwa anachemsha chai? Na majirani wamelala, nyutro ya mtaa mzima iko chini. Maelezo yako yanafaa Alhamisi tu.

Zege Bichi, friji yako ni ile isiyogandisha barafu?

#6 Zege Bichi
Ndiyo, haigandishi. Milango miwili.

#7 Doto wa Dari
Basi nilijua. Nyuma ya ukuta wa friza kuna hita ya kuyeyushia barafu, inawaka yenyewe kila baada ya saa nane hivi, kutegemea friji. Hita hiyo inaishi kwenye maji. Mpira wa kwenye ncha zake ukipasuka unyevu unaingia, na ikiwaka tu inavuja. Mchana mnafungua fungua mlango, ratiba inasogea, leo saa 9, keshokutwa saa 11.

Kinachowapoteza mafundi wengi ni kipimo. Wanapima kwenye plagi ya friji kati ya pini ya laivu na ya ethi, wanaona safi, wanaisamehe friji. Huenda isionekane. Wakati kompresa ina zamu yake, hita imetengwa na saa au rilei, maltimita inaweza isiifikie. Kama ni saa ya mkono (taima ya mitambo ndani ya friji, si ya elektroniki), tafuta kitufe chake chenye mfereji, zungusha taratibu kwa bisibisi hadi usikie "tak", kompresa inyamaze. Hapo hita imeingia. RCCB ikianguka, umemshika.

#8 Bahari Chumvi
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nasoma saa tu. Saa 9 usiku, saa 11 alfajiri, saa 1 jioni. Ni kitu gani huwa kimewaka katika saa zote hizo tatu na hakiwaki mchana? Taa za nje. Kama zina sensa ya giza, huku kwetu pwani hizo ndizo za kwanza kushukiwa stima ikikata ovyo. Umande na chumvi vinaingia kwenye kikombe cha balbu, unakuta kutu ya kijani na weupe kama unga. Mjusi naye hupenda joto la mle ndani, akifa amelalia vifundo viwili mzigo ni wako.

Fungua kila taa ya nje. Ukikuta maji yametuama, toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa. Wengi huziba kila mahali kwa silikoni, maji ya umande yanakosa pa kutokea.

#9 Kwetu Kokoni
Mbona mnazunguka? Ampia 63 ni ndogo kwa nyumba yenye shawa, jiko na kiyoyozi. Weka ya 100, mchezo umeisha.

#10 Koili 42
Kokoni, hapana. Ile 63 ni uwezo wa vifundo vyake kubeba mzigo bila kuungua, haikati kwa sababu ya 63. Ukiweka ya 100 yenye miliampia 30 itaanguka kwa uvujaji uleule, kwa saa ileile. Na kabla hujaandika nyingine: wala dawa si kubadilisha 20 ya soketi kuwa 32. Waya wa milimita mraba 2.5 ukutani ndani ya paipu ukiupa breka ya 32, breka haitashuka, waya ndio utakaokuwa fyuzi.

#11 Kwetu Kokoni
Nimeondoka.

#12 Mama Kibatari
Rudi bwana, tunafunzana. Nami naongeza dhana ya nne, maana tatu hazitoshi.

Huenda hakuna mwizi mmoja. Kila kifaa chenye saketi za elektroniki kina kapasita ndogo za kuchuja zinazopeleka kidogo kwenye ethi: kompyuta, mashine ya kufulia, kiyoyozi cha inverta, hata taa za LED. Kimoja nusu miliampia, kingine mbili. Jumlisha nyumba nzima, unaweza kukuta miliampia 12 zinavuja saa zote na hakuna kilichoharibika. RCCB yenye kuanguka kwenye 20 imebakiwa na nafasi ya 8 tu. Hapo birika lenye elementi iliyonyonya unyevu kidogo linatosha, na hita ya friji inatosha, na taa ya nje inatosha. Wote mko sahihi na wote mmekosea.

Kanuni ya kazi ni uvujaji wa kudumu usipite asilimia 30 ya ile 30, yaani miliampia 9. Kuupima unahitaji klampu mita ya uvujaji. Unakumbatia laivu na nyutro kwa pamoja, inakuonyesha tofauti tu. Klampu ya kawaida haitasaidia, ile inaona ampia, vitu vya mili inaviona kama sifuri.

#13 Mkaa Mbichi
"Wote mko sahihi na wote mmekosea." Mama Kibatari ungefaa kwenye baraza la usuluhishi.

#14 Kisimani
Samahani kwa kuteka uzi. Pampu ya hospawa moja, breka C10 (aina ya C, ampia 10). Inaguna bila kuzunguka, sekunde kama kumi breka inashuka. Breka ndiyo mbovu?

#15 Koili 42
Breka yako ni mzima na inafanya kazi yake. Mota ikikwama inavuta mara tano au zaidi ya kawaida, kwa hiyo ampia kama 5 za pampu yako zinakuwa 25 hadi 30. Koili ya C10 haiamki kabla ya 50, yaani kinachokata ni ule ukanda wa metali mbili unaopata moto na kujipinda, ndiyo sababu ya hizo sekunde kumi. Ingekuwa shoti ingekata kabla hujatoa mkono.

Zima, subiri, fungua kava la feni la nyuma, zungusha shafti kwa mkono. Ikizunguka laini, kapasita imechoka. Soma namba iliyoandikwa juu yake, pampu za ukubwa huo mara nyingi ni maikrofaradi 20 hadi 25, nunua namba ileile na volti 450. Kabla ya kuigusa, ziunganishe ncha zake kwa balbu ya waya ya wati 60 imwage chaji. Shafti ikiwa ngumu, ni kutu kwenye impela. Pampu iliyolala miezi hufanya hivyo.

#16 Ngarangara
Turudi Tabata.

Doto, hoja yako ya friji ina tatizo. Zege Bichi anasema iligoma mara mbili, ya tatu ikashika. Saa ya mkono ya friji inaendeshwa na umeme huohuo. Umeme ukikatika nayo inasimama palepale kwenye zamu ya hita. Ukipandisha inaendelea ilipoishia, kwa hiyo ingekata mara ya tatu, ya nne na ya kumi hadi mtu achomoe friji.

#17 Doto wa Dari
Hiyo ni kwa saa ya mkono. Za bodi ya elektroniki nyingi umeme ukirudi zinaanza upya na kompresa, hita inasubiri. Ndiyo maana ikashika.

#18 Ngarangara
Basi ingeshika mara ya kwanza. Kwa nini ilikataa mbili?

#19 Doto wa Dari
Aliipandisha haraka, labda. Watu usiku wanapandisha gizani kwa hasira. Nyingine lazima uisukume chini kabisa kwanza ndipo ishike.

#20 Mkaa Mbichi
Kwa hiyo shahidi wetu mkuu ni mtu mwenye usingizi na tochi ya simu.

#21 Bahari Chumvi
Au kifundo cha taa chenye umande. Umeme ukipita mara mbili tatu unakausha unyevu kidogo, ukinzani unapanda, inashika. Baadaye unyevu unarudi.

#22 Zege Bichi
Nimefuata hatua za Ngarangara leo mchana, nikiwa na fundi mwingine mwenye leseni. Plagi zote nje, hita ya shawa imezimwa kwenye swichi yake ya nyuzi mbili, kubwa imezimwa.

Baa ya nyutro kwa baa ya ethi: omu 1,400. Tukalegeza nyutro moja moja. Tulipotoa ya taa za nje, maltimita ikaruka hadi isiposoma kitu. Yaani zilizobaki zote ni safi. Tukageukia waya wa taa za nje peke yake: nyutro kwa ethi omu 1,400, laivu kwa ethi kilo-omu 22. Sensa ya giza iko juu ya geti, taa ni nne, zote LED.

#23 Bahari Chumvi
Karibuni Mombasa mnunue madafu. Nilisema.

#24 Ngarangara
Tulia kwanza. Nyutro kwa ethi omu 1,400: nyutro ikipanda volti 2 inapita miliampia 1.4. Hiyo haiangushi kitu. Mimi mwenyewe nilitaka mgusano wa karibu na sifuri, sikuupata. Upande wa laivu, 230 gawanya kwa 22,000 ni miliampia 10 na kidogo. Hiyo nayo peke yake haifiki 15.

#25 Mama Kibatari
Peke yake haifiki. Mimi nilisema nini kwenye #12? Kumi za taa, juu yake tano sita za friji, kiyoyozi na televisheni. Halafu birika.

Na kumbukeni mlipima mchana, jua kali. Usiku kwenye umande hiyo 22 inaweza kuwa 8, na 8 peke yake ni karibu miliampia 29.

#26 Koili 42
Kabla hamjajumlisha zaidi: Zege Bichi, mliondoa balbu na sensa mlipopima?

#27 Zege Bichi
Balbu tuliacha. Sensa tuliacha.

#28 Koili 42
Basi ile 22 si kipimo cha uvujaji. Sensa ya giza ina saketi yake ndani inayokaa kati ya laivu na nyutro muda wote, mchana na usiku, ili ijue kama kuna giza. Mkondo wa maltimita umetoka laivu, ukapita ndani ya sensa hadi nyutro, kisha ukashukia ethi kupitia zile omu 1,400. Mmepima sensa. Ondoeni sensa na balbu zote nne, acheni waya mtupu, pimeni tena laivu kwa ethi. Ikija haisomi, laivu ni safi na tatizo ni nyutro tu kwenye taa mojawapo. Na hapo Ngarangara ana haki, 1,400 haitoshi kuangusha.

Kama mnaweza kupata mega (mita ya kupima uvujaji wa waya kwa volti kubwa), pigeni volti 500 kwenye waya huo mtupu. Chini ya mega-omu 1 haukubaliki. Maltimita inasukuma volti chache tu, unyevu mwembamba hauonekani hadi upate volti za kweli. Ila hakikisheni hakuna LED wala sensa kwenye waya, mega itaziua.

#29 Doto wa Dari
Naomba isisahaulike kwamba friji ilichomolewa wakati wa vipimo vyote hivi. Hamjaigusa. Mtuhumiwa wangu hajahojiwa.

#30 Kwetu Kokoni
Nimerudi kuuliza tu. Kile kitufe cha T (cha kujaribia, kwenye RCCB) si kingesema kama RCCB au ethi ina tatizo?

#31 Koili 42
Swali zuri. T inapima RCCB yenyewe, basi. Ndani kuna rizista inayopitisha mkondo kidogo kukwepa upande mmoja wa koili, inajidanganya kuwa kuna uvujaji. Itashuka hata nyumba isiyo na ethi kabisa. Ibonyeze kila baada ya miezi michache ili mitambo isigande, lakini isikupe imani kuhusu rodi iliyoko nje.

#32 Zege Bichi
Mrejesho. Juzi jioni tuliondoa sensa na balbu. Taa tatu ni kavu. Ya nne, ya kona karibu na tangi, ilikuwa na maji nusu kijiko na kifundo cha nyutro kimeoza kijani. Laivu kwa ethi kwenye waya mtupu: maltimita haisomi. Mega hatujapata. Tumeacha breka ya taa za nje chini, na nyutro yake tumeitoa kwenye baa na kuifunga kwa konekta.

Usiku mbili sasa haijakata. Birika limewashwa asubuhi na jioni, kimya.

#33 Bahari Chumvi
Madafu.

#34 Ngarangara
Usiku mbili ni kidogo. Ilikuwa inapumzika siku moja hadi mbili katikati hata zamani.

#35 Doto wa Dari
Friji iko wapi siku hizi mbili?

#36 Zege Bichi
Hapo kuna neno. Nimemuuliza mama watoto. Anasema aliposikia friji inatajwa aliichomoa tangu juzi, vyakula kavipeleka kwa shangazi yake mtaa wa pili.

#37 Mkaa Mbichi
Kesi imeharibika, hakimu ajitoe.

#38 Doto wa Dari
Usingoje usiku. Rudisha friji, taa ziache zimetengwa. Kama ni ya saa, zungusha hadi "tak". Kama ni ya bodi, nyingi zina namna ya kulazimisha hita kwa kubonyeza vitufe viwili vya mbele pamoja kwa sekunde kadhaa, angalia kitabu chake. Acha hita iwake dakika 15, isiwe moja, maana nyingine huvuja ikishapata moto.

#39 Mama Kibatari
Na ukishamaliza hayo, friji ikipita, rudisha taa tatu kavu, ile ya tangi iache. Kitu kimoja kwa siku. Mkirudisha vyote pamoja tutakuwa #80 hapa.

#40 Zege Bichi
Shangazi amesema nyama tayari imeshaliwa. Friji narudisha leo jioni, ni ya bodi, natafuta kitabu.

#41 Kisimani
Kapasita ilikuwa imevimba kama andazi. Nimeweka 25, pampu inazunguka. Ila sasa inavuja maji kwenye shafti, nianzishe uzi mwingine?

#42 Mkaa Mbichi
Anzisha. Huku tunavuja umeme tu.